Mbwa Alisikiliza, Wenye Duka Hawakusikia

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay, yeye na wapigaji wake, kwenda kutia sauti kwenye santuri. Kampuni iliyomrekodi ilikuwa ya Waingereza, na alama yake kila aliyewahi kushika santuri ya zamani anaijua: mbwa mweupe ameketi mbele ya pembe la gramafoni, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Pamoja na picha kuna maneno His Master's Voice, yaani Sauti ya Bwana Wake. Santuri zile ziliporudi na kusambaa mwambao, sauti ya binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu ikafika mahali ambapo mwenyewe hakupata kukanyaga. Watu walimsikia barazani na mikahawani, wakamrudia na kumrudia, mpaka santuri zikaanza kukwaruza.

Naanza na Siti kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya nyumba ile ile ya yule mbwa. Mambo yenyewe yalitokea London, lakini sisi huku tulikuwa wateja wa nyumba hiyo kabla babu zetu wengi hawajamiliki redio. Na yaliyoipata yanaendelea kutupata sisi, duka moja baada ya jingine.

Tarehe 20 Julai 1921 kampuni hiyo ilifungua duka katika namba 363 Oxford Street. Aliyelifungua ni Edward Elgar, mtunzi mkubwa wa muziki wa Uingereza wa zama zile. Herufi za mwanzo za yale maneno ya mbwa, HMV, ndizo zilizokuja kuwa jina la duka. Mwaka 1937 lilishika moto, likajengwa upya, likafunguliwa tena 1939, mwaka ule ule vita vilipoanza. Februari 1962 aliingia humo Brian Epstein wa Liverpool, ambaye kwao nako kulikuwa na duka la santuri. Mkononi alikuwa na kanda za bendi iliyokwisha kukataliwa na kampuni za kurekodi, akataka zihamishiwe kwenye santuri. Fundi aliyekuwa akikata santuri alisikia kitu asichokitarajia, akamwelekeza Epstein kwa watu wa kuchapisha nyimbo waliokuwa na ofisi humo humo, na kutoka hapo njia ikafunguka mpaka kwa George Martin, mtayarishaji wa muziki wa kampuni ya EMI. Bendi ile ilikuwa The Beatles.

Nimelitaja tukio hilo ili msomaji aone duka lile lilikuwa nini hasa. Palikuwa mahali penye mtu mwenye sikio. Ukiingia na kitu, kuna wa kukisikiliza na kukwambia pa kukipeleka. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake, na hilo naomba ulishike, maana nitalirudia.

Duka likazaa maduka. Mwaka 1986 walifungua jingine katika namba 150 ya mtaa ule ule, likanadiwa kuwa duka kubwa la muziki kuliko yote duniani, na mwanamuziki Bob Geldof ndiye aliyelizindua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 HMV iliunganishwa chini ya paa moja na Waterstone's, maduka makubwa ya vitabu. Mei 2002 kampuni ikaingia soko la hisa la London, hisa moja kwa peni 192. Kwa hesabu za juu juu, hapakuwa na mfanyabiashara wa muziki Uingereza mwenye afya kuliko HMV.

Mwaka huo huo wa 2002 ndipo palipotokea kikao ambacho, kwangu mimi, ndicho kitovu cha kisa chote. Philip Beeching, mtu wa matangazo ambaye kampuni yake ilikuwa imeitumikia HMV kwa miaka mingi, aliitwa mbele ya wakuu wapya atoe mawazo yake. Akawaambia kwamba mawimbi matatu yanakuja. La kwanza ni maduka ya mtandaoni. La pili ni supamaketi, zinazouza CD kwa bei ya hasara ili mteja akiingia anunue na mkate. La tatu ni nyimbo za kupakua kwenye kompyuta.

Kwa simulizi aliyoiandika Beeching mwenyewe miaka baadaye, mkuu wa kampuni alikasirika. Alisema hajapata kusikia upuuzi wa namna hiyo. Supamaketi alikubali kwamba zinawachoma kidogo, ila hazimgusi mnunuzi hasa wa muziki. Kupakua nyimbo alikuona ni mtindo tu, utapita kama mitindo mingine. Watu, alisema, siku zote watataka raha ya kuwa dukani.

Ni rahisi leo kumcheka mtu yule. Mimi simcheki, maana nimejaribu kukaa kwenye kiti chake nikaona alichokuwa anakiona. Duka limejaa. Jumamosi vijana wamesimama kwenye vituo vya kusikilizia, hedifoni masikioni, wanatikisa vichwa. Kaunta ina foleni. Hesabu za jioni zinapanda. Ukiwa umezungukwa na vitu hivyo, mtu akija kukwambia nyumba yako inaungua, utamtazama mara mbili. Lakini foleni humwonyesha mwenye duka yule aliyekuja. Asiyekuja haonekani. Aliyebaki chumbani kwake na kompyuta hana kiti dukani, hana sauti, hakuna karani anayemwandika. Mwenye duka anayehesabu wateja waliomo ndani peke yake anahesabu nusu ya habari.

Na ishara zilikuwepo kwa atakaye kuziona. Juni 1999 kijana wa Kimarekani wa miaka 18, Shawn Fanning, alitoa programu iliyoitwa Napster, ambayo mtu yeyote angeitumia kuchukua nyimbo zilizomo kwenye kompyuta ya mwenzake aliye mbali. Mahakama iliifunga 2001. Kampuni za muziki zikapumua, zikidhani kesi imekwisha. Oktoba mwaka huo huo Apple ikatoa iPod, kidude cha kutia mfukoni chenye nafasi ya nyimbo elfu moja. Mahakama ilikuwa imefunga kisima kimoja, kiu ya watu ikabaki pale pale.

Tarehe 15 Juni 2004 iTunes ilifungua duka lake la Uingereza, wimbo mmoja kwa peni 79. Hapa inabidi tukae kidogo, maana wengi husema tu kwamba intaneti ndiyo iliyoua maduka, wasieleze iliuaje.

Mteja wa CD alikuwa akipenda wimbo mmoja au mbili, analazimika kulipia kumi na mbili. Faida ya duka ilikaa kwenye zile kumi asizozitaka. Siku alipopata njia halali ya kununua ule mmoja kwa chini ya pauni, biashara ya dukani haikupungua kidogo kidogo, ilikatwa kwenye shina. Pili, duka lina gharama zisizojali idadi ya wateja. Uingereza mikataba ya pango la maduka ilikuwa ya miaka mingi, na mara nyingi imeandikwa kwamba kodi ikiangaliwa upya inaweza kupanda tu, haiwezi kushuka. Robo ya wateja wakiondoka, mwenye nyumba haondoi robo ya kodi. Taa zinawaka vile vile, mlinzi analipwa vile vile. Kwa hiyo duka haliuawi na kuondoka kwa wateja wote. Wakiondoka wachache tu wa kutosha, limekwisha, na waliobaki wanaendelea kuingia wakishangaa mbona inasemwa hali ni mbaya ilhali watu wapo.

Palikuwa pia na mwanya wa kodi. Bidhaa za bei ndogo zilizotumwa kwa posta kutoka visiwa vya Jersey na Guernsey ziliingia Uingereza bila kutozwa VAT, na wauzaji wa CD wa mtandaoni walihamia huko. Mwenye duka wa London alitozwa kodi kwa CD ile ile. HMV nayo ilikuja kutuma kutoka Guernsey. Serikali iliuziba mwanya huo mwaka 2012, na kufikia wakati huo maduka madogo mengi ya muziki yalikuwa yamekwisha kufunga milango.

Je, HMV ilikaa tu? Hapana, na ni haki kulisema hilo. Septemba 2005 ilianzisha huduma yake ya kupakua nyimbo. Lakini nyimbo hizo zilifungwa kwa kufuli za Windows, hazikuweza kuchezwa kwenye iPod, na iPod ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu. Ni sawa na kufungua duka la nguo ambazo haziwaingii wakazi wa mji wako. Miezi saba baadaye, Aprili 2006, wimbo wa kundi la Gnarls Barkley ulishika namba moja Uingereza kwa kupakuliwa peke yake, kabla CD yake haijafika kwenye rafu yoyote. Kwa mara ya kwanza wimbo uliokuwa ukipendwa kuliko yote nchini haukuwemo dukani. Kama ningekuwa mwenye duka, siku hiyo ningeketi chini.

Kisha ikaja faraja ya uongo, ambayo naiona ni hatari kuliko pigo lenyewe. Mwishoni mwa 2008 washindani wawili wa HMV, Woolworths na Zavvi, waliporomoka karibu kwa wakati mmoja. Wateja wao wakawa hawana pa kwenda, na HMV ikachukua baadhi ya maduka ya Zavvi. Wahenga walituambia mwenzako akinyolewa zako tia maji. HMV iliona mwenzake ananyolewa, ikaenda kukikalia kiti chake.

Tarehe 15 Januari 2013 HMV ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi. Ilikuwa na maduka zaidi ya 200 na wafanyakazi zaidi ya 4,000. Hisa iliyouzwa peni 192 ilikuwa haifiki peni mbili.

Mambo mawili ya siku zile hayajanitoka akilini. La kwanza ni kadi za zawadi. Krismasi ilikuwa imepita wiki tatu tu. Bibi kamnunulia mjukuu kadi ya HMV ya pauni kadhaa, mtoto kaitunza, Januari anakwenda nayo dukani achague. Anafika kaunta anaambiwa kadi hazipokelewi. Fedha zililipwa kwa duka hilo hilo, kadi ina jina la duka hilo hilo, duka liko wazi na linauza, lakini kadi ya mtoto imekuwa kipande cha plastiki. Watu walikasirika mno, na baada ya wiki moja wasimamizi wakageuza uamuzi. Fedha zilirudi kuwa fedha. Imani haikurudi kwa wepisi ule.

La pili lilitokea Januari 31. Wafanyakazi kadhaa wa makao makuu waliitwa chumbani kuachishwa kazi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiendesha ukurasa wa kampuni wa Twitter. Wakaanza kutangaza kufukuzwa kwao palepale, kwa jina la kampuni, mbele ya maelfu ya watu. Ujumbe mmoja ulisema wamemsikia mkuu wa masoko akiuliza Twitter inafungwaje. Mwingine ukaeleza kwamba kurasa zile zilianzishwa miaka miwili nyuma na mwanagenzi asiyelipwa. Kwa hiyo mlango mpya wa duka, ule ambao wateja walikuwa wakipitia kwa maelfu, ulikuwa umejengwa na kijana wa chini kuliko wote, na wakubwa hawakujua hata kitasa chake kiko wapi. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu kikao cha Beeching. Nyumba yenye nembo ya kiumbe anayesikiliza ilikuwa bado haijajifunza kumsikiliza mtu wa nje wala kijana wa ndani.

Sasa turudi kwetu.

Mwambao na bara tulikuwa na maduka yetu. Mombasa palikuwa na Mbwana Radio Service, ambako kaseti za taarabu za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilifuatwa na watu kutoka mbali. Dar es Salaam, Kariakoo ndiko kaseti zilikotoka kwenda mikoani kwa mabasi. Duka la kaseti la mtaani kwetu lilikuwa na mlango mmoja tu, mita tatu kwa nne, na spika kubwa nje juu ya kiti. Mwenye duka alikuwa anajua kila mtu anapenda nini. Ukipita anakuita, anakutolea kaseti kwenye kasha, anaiingiza, anabonyeza, mnasikiliza pamoja upande wa kwanza. Akisema "hii iache, wimbo mzuri ni mmoja, subiri ile ya mwezi ujao", unamwamini, kwa sababu amekukatalia fedha yako mwenyewe. Mkanda ukitafunwa unampelekea, anautoa taratibu, anaukata kipande kilichokunjamana, anauunga kwa gundi, anauzungusha kwa kalamu ya Bic mpaka ukaze, anakurudishia bila kukutoza. Nimesimama pale saa nzima nikitazama vidole vile.

Huku pigo la kwanza halikutoka California kwa kina Apple. Lilitoka kwa kijana mwenye kompyuta. Kwanza alichoma CD, nyimbo mia mbili kwa bei ya kaseti moja. Halafu simu zikaja na memori kadi, na mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotia nanga Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa na nguvu. Vibanda vikaota kila kona: meza, kompyuta, spika mbili, kibao kilichoandikwa kwa mkono TUNAINGIZA NYIMBO. Mteja anatoa kadi ndogo kama ukucha kutoka nyuma ya betri, kijana anaichomeka, anauliza "nikuwekee mchanganyiko?", baada ya dakika chache kadi imejaa Zilipendwa, Bongo Fleva, Rumba na kaswida, kwa fedha isiyofika nauli ya kwenda mjini. Msanii hapati hata senti. Hilo sitalipamba, ulikuwa wizi, na walioumia ni watunzi tuliokuwa tukiwashangilia.

Lakini tuseme na upande wa pili. Yule kijana alimuuliza mteja swali ambalo msambazaji mkubwa hakuwahi kumuuliza: unataka nyimbo gani, uzisikie kwenye kitu gani? Msambazaji alikuwa bado anakuuzia kaseti ilhali redio kaseti ya nyumbani imeharibika na fundi amehama. Mteja hakuwa na pa kuichezea. Simu alikuwa nayo.

Mwaka 2013 Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu zinazouzwa madukani, ili CD na DVD halali zijulikane na wasanii wapate chao. Nia ilikuwa njema na wasanii walikuwa wameililia kwa miaka. Lakini tazama mwaka wenyewe. Ni mwaka ule ule HMV ilipoanguka London. Stempu ilikuja kubandikwa kwenye kasha wakati wimbo umekwisha kutoka ndani ya kasha. Sheria ilimlinda mwenye CD dhidi ya mwizi wa CD, na mnunuzi wa CD akawa anapungua kila siku sokoni.

Na vibanda je, vilivyowaua wenye kaseti? Vimeuawa navyo. Mteja ananunua bando, anafungua YouTube au Boomplay mwenyewe, usiku, kitandani, wala hatoki nje. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inampa wimbo wa kupakua bure na kumwekea tangazo ndani yake, msanii akapata sehemu ya fedha ya tangazo. Kijana wa kibanda hakuwa na mkataba na msanii, hakuwa na jina, hakuwa na duka la kumrithisha mtu. Alichokuwa nacho ni kompyuta yenye nyimbo ambazo sasa zimo mfukoni mwa kila mpita njia. Kijana mmoja wa kibanda ninayemfahamu alihimili kwa sababu moja. Wateja wa nyimbo walipoanza kumuuliza kama anatoa kopi, alinunua mashine ya kopi. Walipomuuliza kama anaweza kuwajazia fomu za mkopo wa chuo mtandaoni, akajifunza. Leo ni wakala wa fedha za simu, anachapa, anaskani, na ile kompyuta iliyoingiza nyimbo ndiyo inayojaza maombi ya ajira. Hakuwa na elimu kuliko wakuu wa HMV. Alikuwa na sikio, na meza yake ilikuwa karibu na mteja kiasi kwamba asingeweza kutosikia.

Nasikitika juu ya kilichopotea, na sitaki kujifanya kwamba sisikitiki. Wanaosema teknolojia imetupa nyimbo nyingi kwa bei ndogo wanasema kweli. Lakini yule mtu wa kusema "hii iache" hayupo. Programu ya simu haijapata kunizuia nisinunue. Inanisukumia inachodhani nitakipenda kwa kutazama nilichokwisha kukipenda, na kwa njia hiyo nimezunguka nyimbo zile zile mwaka mzima. Wenye maduka wale walikuwa na kitu kimoja ambacho upakuaji haukuweza kukipakua, nao ni ujuzi wao, uaminifu wao, lile sikio. Wakakihesabu kuwa ni hisani ya kumpa mteja bure huku mali yao wakiamini ni plastiki iliyo kwenye rafu. Zilipokuja zama ambazo plastiki haina thamani, wakafunga duka na kile cha thamani kikiwa bado kimo ndani.

HMV yenyewe ilinunuliwa 2013, ikaanguka tena Desemba 2018, na Februari 2019 ikanunuliwa na Mkanada, Doug Putman, ambaye tayari alikuwa na maduka ya muziki kwao. Alifunga maduka 27, likiwemo la Oxford Street, akabaki na mia moja. Jengo lile la 363, alilolifungua Elgar, likageuka kuwa duka la peremende. Putman aliwapa mameneja wa kila mji uhuru wa kuagiza wanachokipenda watu wa mji wao, akaongeza santuri, ambazo vijana walikuwa wameanza kuzinunua upya, na akaweka nafasi ya wanamuziki kuja kupiga dukani na kutia saini. Novemba 2023 HMV ilirudi Oxford Street namba 363. Ni duka tofauti na la zamani, na biashara yake ni ya watu wachache wanaopenda sana, badala ya umati unaopenda kidogo. Lakini lipo, na taa zinawaka.

Nayaandika haya nikijua zamu inaendelea. Kila asubuhi kabla ya jua kuchomoza, kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi zimekwisha kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na muuza magazeti wa kituo cha daladala bado anapanga nakala zake juu ya turubai. Vitabu vya shule vinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwa wanafunzi, na mwenye duka la vitabu anangoja Januari wazazi waje na orodha. Studio za picha za pasi zimebaki kwa kuhesabu. Wote hao wana foleni zao za siku fulani, na foleni hizo zinawafariji.

Wewe mwenye duka unayesoma haya, unaye kijana wako kaunta. Leo jioni mkimaliza kufunga hesabu, kabla hajavaa begi lake kuondoka, mketishe, umuulize ni watu gani waliingia leo wakaulizia kitu, wakakikosa, wakatoka mikono mitupu. Mwache aseme mpaka amalize.